Tabaka la Mwisho la Chokaa

Mpaka leo napita mlangoni kiubavu. Wajukuu wangu hunicheka, eti bibi anatembea kama kaa, na mimi huwaambia chekeni tu, kucheka hakulipiwi kodi. Mlango wa nyumba yangu hapa Kitomanga ni mpana, mtu na mzigo wake wa kuni wanapita pamoja bila kugusa ukuta. Lakini bega langu la kushoto linatangulia na la kulia linafuata, ndivyo nilivyofundishwa na nyumba nilimozaliwa. Nyumba yenyewe haipo tena. Ilikuwa Kivinje, enzi za Mwingereza, na ilimwangukia mama yangu wakati mimi ni msichana ambaye hajaolewa. Wengi wamelisimulia jambo hilo kwa namna zao. Leo nasimulia mimi, kwa sababu chokaa iliyoiangusha niliipandisha mimi.

Ilikuwa nyumba ya mawe, ya babu yake baba. Msidhani nyumba ya mawe maana yake ni utajiri. Utajiri, kama uliwahi kuwapo, ulikwisha kabla sijazaliwa. Tulikula muhogo na dagaa kama majirani zetu wa nyumba za udongo, ila sisi tulifunga mlango kwanza ndipo tukala. Vyumba vyetu vilikuwa virefu na vyembamba, na hilo halikuwa chaguo la mtu. Paa la nyumba zile ni bapa, limebebwa na boriti za mikoko, na mkoko haurefuki kama mnazi. Urefu wa boriti ndio upana wa chumba, basi. Mti wa matopeni ulikwisha kuamua tutakaaje kabla hatujazaliwa.

Tulikaa kwa mstari. Baba, mama, kaka zangu wawili, mimi, migongo ukutani, miguu tumeikunja ili mwingine apite. Tulipokwenda Miteja kwa ndugu za mama, wao walikaa duara kuzunguka sinia, wakicheka na kunyang'anyana mboga, na sisi tulitafuta ukuta. Bibi yangu wa huko alituambia, "Nyie watu wa Kivinje mnakaa kama mnasubiri zamu." Tulicheka naye, lakini mkono wangu haukujua jinsi ya kufika kwenye sinia la duara. Nilirudi mjini na njaa.

Sasa nieleze habari ya paa, maana ndiyo habari yenyewe. Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe huwekwa chokaa iliyochanganywa na mchanga, kisha watu hupanda na kuipiga kwa vipande vya mti siku mbili tatu, mpaka inagandamana na kuwa ngumu kama sahani. Hiyo ndiyo sakafu ya juu, na kazi hiyo huitwa kupiga sakafu. Ikipigwa vizuri maji hayapiti. Ila jua la kwetu mnalijua. Mwaka ukipita hufanya nyufa, masika ikija huvuja, na baba alikuwa na dawa moja tu: kuongeza tabaka. Baba yake alifanya hivyohivyo. Babu yake vilevile. Kila mwenye nyumba aliyeipenda aliiwekea tabaka lake.

Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi methali hiyo siitaki nyumbani kwangu. Sisi tuliziba! Tuliziba vizazi vitatu bila kukosa hata masika moja. Baba alisema alipokuwa mtoto ukingo wa paa ulimfika kifuani. Mimi nilipopandishwa huko mara ya kwanza, ukingo ule ulinifika magotini, na ngazi ya mwisho ilikwisha zama ndani ya chokaa. Hakuna aliyelishangaa jambo hilo. Tuliambiwa tu watoto tusicheze juu, tutaanguka.

Boriti zilipoanza kulalamika, baba alisimamisha nguzo tatu katikati ya chumba kikubwa. Aliziita wageni. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema, "na hawa nimewapa kazi siku ya kwanza." Tukazoea. Tulijifunza kupita kiubavu kati ya mgeni na ukuta, na mtungi wa maji tukajifunza kuubeba mbele badala ya kichwani. Nazo nguzo zikatuzoea. Ile ya katikati ilikuwa na doa jeusi linalong'aa mahali mama alipokuwa akishika kila anapopita, na chini yake doa langu, na chini zaidi madoa ya kaka zangu walipokuwa wadogo.

Mama alizaliwa Miteja, kwenye shamba la muhogo na korosho, na kuolewa kwake katika nyumba ya mawe lilikuwa jambo la kuzungumzwa. Mwenye kuzungumza hasa alikuwa shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke mrefu aliyeishi mtaa wa pili na aliyeingia kwetu bila kupiga hodi. Siku mama alipoletwa bibi harusi, alikaa karibu na mlango. Kwao hiyo ni adabu, ndani huachiwa wakubwa. Shangazi akasema, na wanawake wote wanasikia, "Wifi, mlangoni hukaa mtwana. Mke wa nyumba hii hukaa ndani."

Mama alinisimulia mwenyewe, na aliposimulia masikio yake yalikuwa yanawaka kama jambo la jana. Tangu siku ile hakukaa mlangoni tena, hata kwa kupumzika. Mahali pake palikuwa mwisho wa chumba, upande wa kibla, penye giza na hewa nzito. Aliacha kusema Kimatumbi mbele za watu. Alijifunza kucheka bila sauti. Miaka ishirini alikaa pale mwisho wa chumba akimthibitishia shangazi kwamba yeye ni mtu wa nyumba ya mawe, na shangazi miaka ishirini alimwita mtu wa kuja.

Baba alikufa kwa homa mwanzoni mwa mwaka, joto likiwa kali. Kaka zangu walikuja kutoka kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi, wakazika, wakarudi kazini. Serikali wakati huo ilikuwa imehamishia ofisi zake mji wa Masoko, na wenye maduka walikuwa wakiifuata mmoja mmoja, kwa hiyo hata matanga yenyewe yalikuwa na watu wachache. Mama akaingia eda. Kwetu mjane aliye kwenye eda huitwa kizuka. Anakaa ndani ya nyumba ya marehemu miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, hazungumzi na wanaume wa nje. Shangazi alimtandikia mkeka palepale mwisho wa chumba, kisha akiwa ukumbini akasema kwa sauti ya kusikika, "Tutaona. Kaburi halitakauka huyu atakuwa Miteja."

Mama alichukua bakuli akahesabu mbegu za ukwaju, moja kwa kila siku ya eda, na kila asubuhi alitupa moja.

Mvua za kwanza zilipoonyesha dalili nilimwita fundi mzee, mwenyeji wa Kiswere, ambaye alikuwa amepiga sakafu na baba kwa miaka mingi. Mama alijifunika akageukia ukutani, na fundi akapita chini ya boriti akizigonga kwa fimbo moja baada ya moja.

"Haya babu," nilimwambia alipomaliza. "Tuongeze kiasi gani?"

"Msiongeze hata kibaba." Aligonga boriti moja, ikalia. "Hii bado inasema." Akagonga iliyofuata, iliyokuwa juu kabisa ya mkeka wa mama, na sauti yake ilikuwa kama kugonga mkate. "Hii imenyamaza. Mchwa wamemaliza. Mjukuu wangu, paa hili lishushwe, muezeke makuti."

Nilimtazama kama aliyenitukana. Nyumba ya mawe ivae makuti! Afadhali angesema tuuze kaburi la baba. Nilimpa kahawa, nikamshukuru, nikamfungia mlango kwa hasira. Nawaambia ukweli ili mnijue. Nilikuwa msichana mwenye viraka kwenye kanga mbili tu nilizokuwa nazo, na nilimdharau mzee yule kwa sababu alikuwa akilala chini ya makuti.

Hata hivyo maneno yake yaliniingia. Nilikwenda kwa maalim wa msikiti wetu nikamweleza. Alikuja alasiri ileile akasimama nyuma ya pazia. "Sheria haitaki mtu aangamie," alisema. "Kizuka akihofia nyumba itamwangukia, ana ruhusa ya kuhama, akamalizie eda yake pengine. Kwao Miteja si mbali."

Mama akaniita karibu. "Mwambie maalim, ruhusa hiyo ni ya anayeogopa. Mimi siogopi."

Nikamfikishia. Maalim akakuna ndevu. "Sasa asemaye haogopi nimfanyeje?" akasema, akaondoka.

Nilirudi kwa mama nimefura. "Mama, unaogopa! Kila mvua ikitishia unatazama juu."

"Kutazama si kuogopa."

"Miteja wamekwisha kukuandalia chumba. Bibi ametuma watu mara mbili."

"Nitakwenda," alisema. "Nikimaliza siku zangu. Nitaoga, nitajifukiza udi, nitatoka kwa mlango wa mbele mchana kweupe na shangazi yako anatazama. Nikitoka leo nitakuwa nimekimbia. Miaka ishirini yote itakuwa bure. Unanielewa, mwanangu?"

Nilimwelewa. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Masika ikashuka. Siku ya tatu maji yalipenya kwenye ile boriti iliyonyamaza na kumdondokea mama begani. Niliweka sufuria, ikajaa, nikamwaga, ikajaa. Mkeka ulilowa, nguo zake nyeupe zililowa, akaanza kukohoa. Upande wa mlangoni palikuwa pakavu kabisa, hapakuwa na tone. Nilipaona. Mama naye alipaona. Alichosema ni, "Sogeza sufuria kidogo." Wala mimi sikumwambia aje mlangoni. Niliwaza shangazi akiingia, maana hapigi hodi, amkute mama yangu amekaa pale wanapokaa watwana, na uso ukanipanda moto. Bora kikohozi.

Mvua ilipotulia siku chache nilifanya ninaloliona kila ninapofumba macho. Uani kulikuwa na shimo la chokaa ya baba, imelowekwa na kufunikwa kwa makuti, tayari kwa sakafu ya mwaka ule ambayo yeye hakuifikia. Nilikusanya wasichana na wanawake sita wa mtaani. Hakuna aliyekataa, kwani kupiga sakafu kwa kizuka ni thawabu. Tukapandisha chokaa kwa ndoo na ungo, na wakati tunaendelea fundi mzee akatokea njiani. Alisimama akatutazama.

"Binti," akaniita, "teremka. Nakusihi."

"Babu," nilimjibu toka juu, na wenzangu wakisikia, "wewe umezeeka, ndiyo maana kila kitu unakiona kimechoka."

Wenzangu walicheka. Mzee alikaa kwenye baraza ya jirani muda mrefu, fimbo katikati ya magoti, halafu akaenda zake. Laiti angenitukana, labda ningeteremka kwenda kumjibu.

Tulipiga siku mbili. Kwa kawaida sakafu hupigwa kwa nyimbo, lakini hii ilikuwa nyumba ya msiba, tukakubaliana tupige bila kuimba, vipande peke yake, pa-pa, pa-pa. Siku ya kwanza, karibu na adhuhuri, tukasikia chini kunajibiwa. Mama alikuwa amechukua mwiko na alikuwa akigonga nguzo ya katikati, kwa mpigo wetu, hakosei hata kidogo. Sote tulisimama tukatazamana, mmoja akaanza kulia. Tangu baba afe mama hakuwa amefanya jambo lolote la kuchezacheza. Tukapiga kwa nguvu zaidi ili asikie. Kuna mara tulisikia mlio mwingine chini, mzito, mmoja tu, nje ya mpigo. Nikasema mama amekosea, tukacheka. Nilipoteremka nilimtania, "Ule mmoja ulikosea, mama." Akaniambia yeye hakukosea hata mmoja. Nikadhani ananitania naye.

Mvua ilirudi, na hapakuvuja. Tone moja halikushuka. Mama alilala kwenye mkeka mkavu, mwisho wa chumba, mahali pake. Asubuhi alinishika uso kwa mikono miwili. "Baba yako hakupata kupiga sakafu ikanyamaza hivi," alisema. "Mwanangu, nimelala pakavu." Sijawahi kusifiwa namna ile kabla wala baada. Nilitembea mjini siku hiyo kama niliyejenga msikiti.

Siku tisa zilipita hivyo. Ya kumi jua lilichomoza safi, mbingu haina wingu. Mama alitupa mbegu yake ya ukwaju na akanituma maji. Nilikuwa kisimani na kamba mkononi ndoo ikiwa haijafika juu, ndipo niliposikia kama mtu ameshusha gunia zito, mara moja, basi. Niligeuka nikaona vumbi jeupe limesimama juu ya nyumba yetu, halina haraka. Niliiacha kamba. Ndoo ile nadhani imo kisimani mpaka leo.

Paa la upande wa kibla lilikuwa limeshuka lote kwa pamoja, bila kuvunjikavunjika, kwa kuwa tulilipiga vizuri. Tabaka la baba, la babu, la baba yake babu, na langu juu bado bichi. Ilichukua wanaume wengi mpaka alasiri kulipasua kwa mashoka na mitaimbo. Fundi mzee alikuwa mmoja wao. Hakunitazama, na namshukuru. Nguzo mbili zililala, ile ya katikati ilibaki wima haijabeba kitu, na doa la mama lilikuwa pale linang'aa juani. Upande wa mlangoni halikuanguka hata jiwe. Kulikuwa na kinu, kulikuwa na kindoo cha maji, kimejaa, na utandu wa vumbi juu yake.

Waliomwosha walisema chokaa haikutoka kwenye nywele. Walimwagia maji mara nyingi, na kila maji yalipotiririka yalikuwa meupe. Mwisho wakamvika sanda hivyohivyo.

Shangazi alikuja kabla ya jeneza kutoka. Alisimama kwenye kile kilichobaki, akatazama kule mwisho wa chumba, mahali mama alipopatikana amekaa, mgongo ukutani. Akakaa chini kwenye mawe, mwanamke yule na buibui lake safi, akapiga kelele. "Wifi yangu! Kweli ulikuwa mtu wa nyumba hii!" Alirudia mara tatu, watu wote wanasikia. Neno hilo mama alilisubiri miaka ishirini. Ningekuwa na nguvu siku ile ningemziba mdomo kwa chokaa.

Bakuli nililipata chini ya kifusi, limepasuka. Mbegu zilizobaki zilikuwa kumi na moja.

Kaka zangu waliuza mawe kwa mchoma chokaa, yakachomwa, yakaenda kupaka kuta za watu wengine huko Masoko. Mimi nilichukuliwa na bibi Miteja, nikajifunza kukaa duara, sikufanikiwa. Nikaolewa huku Kitomanga na mkulima wa korosho, Mungu amrehemu, mtu mwema, aliyeshangaa kwa nini mke wake hulala ameegemea ukuta. Hakuna kilichotengemaa baada ya hapo, kuna kilichozoeleka tu. Niliwahi kurudi Kivinje mara moja. Mahali pa nyumba yetu palikuwa uwazi wenye magugu, na palikuwa padogo mno. Nilipita katikati yake, na hapo katikati, pasipo kitu, nikajikuta napita kiubavu.

Nyumba yangu ni ya udongo na makuti, na inavuja. Kila masika wajukuu wanagombana na mimi, bibi tuezeke upya, bibi tulete mabati, na mkubwa wao ananiambia usipoziba ufa. Namnyamazisha hapohapo. Mvua ikidondoka juu yao nawaambia, "Sogezeni mkeka." Wanausogeza mpaka mlangoni, wanalala.

Ni maneno mawili tu. Nilikuwa nayo siku zile pia, kinywani, na mama yangu amelowa mbele yangu, na sikuyasema.